Nyarugusu hadi Dubai: kilomita 900 za kurudi nyuma

*Kwa mstari wa angani, Mwanza iko karibu zaidi na Dubai, na hata na London, kuliko ilivyo Dar es Salaam. Lakini msafiri wa ukanda wa dhahabu huanza safari yake kwa kwenda pwani.*

SAA kumi alfajiri Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, bado ina giza, lakini karasha za kusagia mawe hazijalala. Vumbi la mawe linafika hadi kwenye vibanda vya chai, na bodaboda wa mapema wamekwisha kujipanga kuwangoja wanaowahi magari ya Geita.

Mchukue mfanyabiashara wa vipuri anayetoka hapa kwenda Dubai kufuata mota na pampu za kutolea maji kwenye maduara ya wachimbaji. Tiketi yake inaonesha kuwa Mwanza hadi Dar es Salaam ni saa moja na dakika 25. Ukiisoma tiketi hiyo peke yake, utadhani kati ya mtu huyu na bahari ya Hindi pana muda wa mechi moja ya mpira.

Sasa ihesabu safari inavyokwenda. Akitoka Nyarugusu saa kumi, gari likijaa mapema, anafika mjini Geita mnamo saa kumi na moja. Kutoka Geita anapita Sengerema, anavuka Ghuba ya Mwanza, anatokea Usagara. Hapo bado hajafika, kwa sababu uwanja wa ndege wa Mwanza uko upande wa pili wa jiji, Ilemela. Itambidi apite Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na katikati ya mji, kisha Kirumba na Pasiansi, pamoja na watu wote wanaowahi kazini.

Mambo yakienda vizuri, saa mbili asubuhi yuko mlangoni pa uwanja. Ndege ni ya saa nne. Saa tano na nusu hivi ametua, na hadi apate begi lake ni saa sita mchana.

Ni saa nane tangu atoke nyumbani, na kati ya hizo, alizokuwa angani ni saa moja na kitu. Umbali wa mstari ulionyooka kati ya Nyarugusu na uwanja wa Julius Nyerere ni kama kilomita 880. Ugawanye kwa saa nane, unapata kasi ya kilomita 110 kwa saa, ilhali ndege yenyewe ilikuwa ikikimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa.

Na hapo hajaanza safari ya Dubai.

Tiketi inahesabu nini

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kwa safari ndefu za kaskazini, kama London hadi Los Angeles, njia hiyo huonekana imepinda sana kwenye ramani, ikapita hadi karibu na Greenland. Kwetu karibu na ikweta haipindi kiasi cha kuonekana. Ukiweka rula kwenye ramani kati ya Mwanza na Dar es Salaam, umeipata: kilomita 850 hivi. Kwa barabara ni zaidi ya 1,100.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule iendako. Ndani yake kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda, kunyooka, kushuka, kujipanga na kutua.

Ndiyo maana aina ya ndege hubadilisha saa. Airbus A220, ambayo Air Tanzania (ATCL) iliipokea kwa mara ya kwanza Desemba 2018, ikikimbia kilomita 830 kwa saa ingeimaliza njia hii kwa saa moja na dakika mbili tu, kama isingepanda wala kushuka. Dash 8 Q400 ya mapanga huenda kama kilomita 660 kwa saa. ATR za Precision Air huenda kama 500. Njia ni ile ile, lakini tofauti inafikia dakika 40.

Ndege zenyewe nazo zina siku zake. Mwishoni mwa 2022 ATCL ilitangaza kuegesha baadhi ya A220 kwa tatizo la injini lililozikumba ndege za aina hiyo katika nchi nyingi. Abiria wa Kanda ya Ziwa waliohisi ratiba imelegea kipindi kile hawakukosea.

Halafu kuna ziwa. Usiku na alfajiri, hewa ya nchi kavu inayopoa hukutana juu ya maji yenye joto, na radi za Ziwa Victoria huwa na nguvu zaidi saa hizo. Rubani anayekuja na ndege ya kwanza ya asubuhi anaijua hali hii vizuri kuliko msafiri anayelalamika kuhusu dakika 30 za kuzunguka angani. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walifariki. Tangu siku ile sijapata ujasiri wa kuita kucheleweshwa kwa ajili ya hali ya hewa usumbufu.

Ramani inavyosema

Tuendelee na mtu wetu wa Nyarugusu. Dar es Salaam anatoka kwenye jengo la safari za ndani, anahamia jengo la tatu lililofunguliwa 2019 kwa ajili ya safari za nje, anasubiri. Kutoka hapo hadi Dubai ni kilomita 3,980, saa tano na nusu hivi.

Lakini Mwanza hadi Dubai, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 3,920. Mji ulioko bara, kandokando ya ziwa, uko karibu na Dubai kuliko bandari kuu ya nchi. Watu wengi niliowatajia hesabu hii walidhani nimekosea. Sababu ni kwamba Dar es Salaam iko kusini sana, karibu nyuzi saba chini ya ikweta, na Mwanza ni kama mbili na nusu tu. Ile nafuu ambayo pwani inaipata kwa kuwa mashariki inapotea yote kwa kuwa kusini.

> Mwanza–Dar–Dubai ni kilomita 4,830. Moja kwa moja ingekuwa 3,920.

Tofauti ni zaidi ya kilomita 900. Ni umbali unaozidi ule wa Mwanza hadi Dar es Salaam wenyewe. Msafiri analipia tiketi ya kwenda kusini mashariki, kisha anarudi kaskazini akikata latitudo ile ile aliyotoka asubuhi.

Tazama na majirani. Kutoka Mwanza, Entebbe iko umbali wa kilomita 280, Kigali kama 315, Nairobi 460. Dodoma, makao makuu ya nchi yetu, ni 520. Kwa lugha ya rubani, Mwanza ni mji wa katikati ya Afrika Mashariki. Kwa ratiba, ni tawi la Dar es Salaam.

Emirates wanatua Entebbe na Nairobi. RwandAir wanaruka Kigali hadi Dubai. Mwanza–Entebbe–Dubai jumla yake ni kama kilomita 4,010, na kwa kupitia Nairobi ni 4,020. Njia zote mbili zinazidi mstari ulionyooka kwa kilomita mia moja tu. Safari za moja kwa moja kati ya Mwanza na miji hii zimekuwa za kuja na kupotea, na zikipotea, anayeumia ni huyu wa machimboni.

London hadi Mwanza, 1931

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Februari 28, 1931, kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilipoanzisha safari zake za kila wiki kuja Afrika ya Kati, kituo cha mwisho hakikuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Kilikuwa Mwanza.

Njia ilipita Ulaya, ikavuka Mediterania hadi Misri, ikafuata Mto Nile hadi Khartoum, na kutoka hapo ikashuka hadi ziwani kwa ndege za kutua majini. Ilikuwa zaidi ya kilomita 8,000, na ilichukua siku zipatazo kumi. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, na barua ndizo zilizofika Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikaongezwa hadi Cape Town, na Mwanza haikuwa tena kituo cha mwisho.

Wale wapangaji hawakuichagua Mwanza kwa mapenzi. Walitazama maji ya kutulia ndege na wakapima umbali. London hadi Mwanza ni kilomita 6,770 kwa mstari. London hadi Dar es Salaam ni 7,500. Kwa ndege iliyokuwa ikitua mara kadhaa kwa siku kujaza mafuta, kilomita 700 zilikuwa jambo zito.

Minofu ilipanda, watu hawakupanda

Miaka ya mwanzo ya karne hii Mwanza iliunganishwa tena na Ulaya moja kwa moja, safari hii kwa ajili ya samaki. Ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin zilitua, zikapakia minofu ya sangara, zikaondoka. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, *Darwin's Nightmare*, ilizionesha kwa dunia nzima, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa namna ilivyoichora Mwanza.

Ubishi juu ya filamu hiyo niuache hapo. Ninachokitaka ni kile kisichobishaniwa: ndege kubwa ziliweza kutua na kuruka hapa zikiwa na shehena. Baadaye zilipopungua, minofu ikawa inapakiwa kwenye malori yenye barafu hadi Nairobi na Entebbe, ikapande ndege huko. Samaki wa Mwanza wakaingia kwenye takwimu za viwanja vya wenzetu.

Njia ya kurukia ya Mwanza ina zaidi ya mita 3,000. Jengo jipya la abiria limekuwa likizungumzwa na kujengwa kwa miaka. Tangu Juni 2023 ATCL ina ndege yake ya mizigo, Boeing 767. Vipande vingi vya kitendawili hiki vipo tayari.

Pande zinazovutana

Wanaotetea kila abiria apite Dar es Salaam wana hoja, na ni haki kuisikiliza. Shirika la taifa linahitaji kituo kimoja chenye nguvu. ATCL inaruka Mumbai, Guangzhou na, tangu 2024, Dubai, zote kutoka Dar es Salaam. Kila mtu wa Geita anayepelekwa Entebbe au Kigali kuunganisha safari ni kiti kinachojazwa kwenye ndege ya nchi nyingine, na fedha inayobaki huko.

Hoja ya pili inagusa dhahabu. Serikali imetumia nguvu nyingi kuziba utoroshaji wa madini. Soko la kwanza la madini nchini lilifunguliwa Geita Machi 17, 2019, ili mchimbaji mdogo auze mahali palipo na mizani na kodi. Mwaka 2021 kikafunguliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza. Kufungua mlango wa kimataifa pembeni mwa machimbo bila ulinzi wa kutosha ni hofu yenye msingi.

Upande mwingine unauliza ni kwa nini mkoa unaotoa dhahabu usiwe na njia yake ya kwenda kwenye soko la dhahabu. Ulinzi unajengwa, wanasema. Dar es Salaam nayo haikuzaliwa na mashine za ukaguzi. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito zaidi. Mizani, afisa madini na afisa forodha wanaweza kukaa Mwanza kama wanavyokaa Dar es Salaam.

Upo pia upande wa tatu, wa kugawa viwanja kila wilaya. Chato, ndani ya Mkoa huu wa Geita, ilijengewa uwanja wenye njia ya mita 3,000, na ATCL ikaanza safari zake huko Januari 2021. Wakosoaji walisema umejengwa pale kwa kuwa ni nyumbani kwa Rais John Magufuli. Watetezi wakajibu kuwa mkoa mpya, uliozaliwa 2012, ulihitaji uwanja, na kwamba hifadhi za Burigi-Chato na Kisiwa cha Rubondo ziko jirani.

Shinyanga nako, uwanja wa Ibadakuli umekuwa ukijengwa upya pamoja na vile vya Tabora, Kigoma na Sumbawanga kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya.

Ukipima kutoka Nyarugusu kwa mstari, uwanja wa Chato ndio ulio karibu zaidi, chini ya kilomita 80. Mwanza ni kama 110, Shinyanga zaidi ya 150. Hata hivyo watu wanakwenda Mwanza. Uwanja wa karibu wenye ndege chache unakulaza njiani, na wa mbali wenye ndege nyingi kila siku unakufikisha. Ukikosa ya asubuhi, ipo ya mchana.

> Abiria hachagui uwanja ulio karibu. Anachagua wenye ndege ya leo.

Daraja lililofanya kazi ya uwanja

Kama kuna kitu kilichopunguza muda wa safari ya ndege kwa watu wa Geita, kimejengwa majini. Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu.

Kabla yake kulikuwa na kivuko. Aliyewahi kukipanda anajua hesabu yake ilivyokuwa: kuvuka kwenyewe hakukuwa tatizo, foleni ndiyo ilikuwa safari. Saa moja, saa mbili, na ukifika wakati kivuko kimejaa, unangoja kirudi. Mwenye ndege ya saa nne alilazimika kulala Mwanza, alipe gesti na chakula, ili awahi safari ya saa moja na nusu. Wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walingoja katika foleni ile ile.

Sasa gari linavuka kwa dakika chache. Hakuna ndege iliyoongezewa mwendo, wala njia ya kurukia iliyorefushwa, lakini Nyarugusu imesogea karibu na Dar es Salaam kwa muda unaozidi ule wote wa kuwa angani.

Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza iende chini. Njia za vumbi za machimboni, zinazogeuka utelezi masika, ndizo zinazoamua kama mtu atawahi au hatawahi. Barabara ya Kahama hadi Kakola, kilomita 73, inawekwa lami, na kampuni ya madini ya Barrick inachangia. Vijiji vya upande huu wa Geita vinastahili mkono wa namna hiyo kutoka kwa kila anayechimba hapa.

Wenye kiwanja chao

Geita Gold Mine ina kiwanja chake cha ndege. Mgodi wa Bulyanhulu nao unacho. Meneja, mhandisi na mtaalamu wa kigeni anaweza kutua karibu na ofisi yake bila kujua vumbi la barabara lina rangi gani. Kwa mgodi mkubwa hilo ni jambo la usalama na la fedha. Dhahabu haipendi kukaa barabarani.

Silaumu mgodi kwa kuwa na kiwanja. Ninachokiuliza ni kuhusu siku ya ajali. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ, hapa hapa kata ya Nyarugusu. Nchi nzima ilifuatilia uokoaji kwa siku kadhaa, na wote wakatolewa hai. Walipata bahati ambayo wachimbaji wengi wa maduara hawakuipata.

Mtu aliyevunjika mgongo kwenye duara hapelekwi kwa ramani ya angani. Anawekwa nyuma ya gari, anapelekwa Geita, akishindikana anapelekwa Bugando au Hospitali ya Kanda ya Chato, na akihitaji upasuaji mkubwa zaidi, Muhimbili. Kwake saa nane zina maana nyingine kabisa. Viwanja vya migodi viko karibu naye kuliko Mwanza. Makubaliano ya maandishi, yenye namba ya simu ya kupiga usiku, ya kwamba majeruhi wa machimbo madogo wanaweza kurushwa kutoka viwanja hivyo, yasingehitaji kilomita moja ya lami.

Reli inakuja, na Entebbe ipo

Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kinajengwa. Treni ya abiria ya reli hiyo imesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Njia yote ya Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita 1,200 na ushei, ingekuwa safari ya saa nane au tisa.

Saa nane, sawa na za mtu wetu wa Nyarugusu aliyepanda ndege. Siku hiyo ikifika, wanaokwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kawaida watakuwa na pa kuchagua, na mashirika ya ndege yatalazimika kutafuta kazi ambayo reli haiwezi: kuvuka ziwa na kuvuka mipaka.

Kazi hiyo ipo. Q400 inaweza kuruka Mwanza hadi Entebbe chini ya saa moja. Ikitoka jioni kila siku, pasipo kukatika baada ya msimu mmoja, mfanyabiashara aliyefunga duka lake Nyarugusu saa tano asubuhi angewahi ndege ya usiku ya Dubai. Na kama ATCL haitaki abiria huyo aende kwa jirani, basi imrushe yenyewe kutoka Mwanza, hata iwe mara mbili kwa wiki. Barabara ya Geita ina wateja wa kutosha wa kuanzia.